Mgane, wanawe na nyumba isiyo na "hapana"

Filamu ya The Boys Are Back ilitoka 2009 chini ya mwongozaji Scott Hicks. Mimi nimeiona juzi tu, sebuleni kwa dada hapa Mwanga, mjini Kigoma, umeme ukikatika mara mbili. Imetokana na kumbukumbu za mwandishi Simon Carr. Joe Warr, mwandishi wa habari za michezo Australia, anafiwa na mkewe kwa saratani, anabaki na Artie, mtoto mdogo. Baadaye anakuja Harry, kijana wa ndoa ya kwanza aliyekulia Uingereza. Baba anaamua kuwalea kwa kusema ndiyo. Nyumba inageuka jalala, na kuna mahali Artie amepanda juu ya boneti ya gari linalokimbia ufukweni, watu wanapiga kelele kwa hofu, yeye anacheka.

Dada hakuvumilia. "Huyu mtoto si apelekwe kwa bibi yake!"

Mama mkwe wa Joe naye anamtaka mjukuu, na ugomvi wote wa filamu unazunguka hapo.

Dada ana wenzake wengi Kigoma. Mwanamke akifariki, baada ya arobaini ndugu wanakaa, na mara nyingi kinachojadiliwa ni nani anamchukua nani. Mdogo kwa bibi, wa kati kwa shangazi, mkubwa abaki na baba. Usiwaone wakatili. Mvuvi wa dagaa anatoka Kibirizi jioni, anarudi asubuhi, mchana amelala. Usiku watoto wako na nani? Hesabu hiyo hiyo ilimshinda Joe. Alikwenda kazini kwenye tenisi, akamwachia Harry nyumba na mdogo wake, wakaingia vijana wakubwa zaidi, sherehe ikawa fujo. Na uchafu unaochekesha kwenye filamu, kwetu hauchekeshi. Aliyekuwepo Kagunga, kijiji cha mkoa wetu kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2015, kipindupindu kilipolipuka, hacheki na vyombo vilivyolala na maji yasiyochemshwa.

Upande wa baba nao una haki yake. Kiswahili kina neno mgane, mwanamume aliyefiwa na mke, lakini ni nani umemsikia akilitumia? Tunasema "yule aliyefiwa", kisha tunamtafutia mke. Ujiji mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Mgane hana eda, na watu wanaona basi hana majonzi ya kumweka ndani. Watoto wakigawanywa, huyu mtu amefiwa mara mbili, na wao wamempoteza mama, baba na ndugu zao kwa mpigo. Sheria yetu ya Mtoto, nayo ya 2009, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake na inataka maslahi yake yatangulie. Ndugu kwenye kikao wanaweza kuishika sheria hiyo hiyo kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo kuhusu kuwaweka wanawe pamoja, nasimama na Joe. Kuhusu ile ndiyo yake, hapana. Naiona ni msiba tu uliovaa nguo za malezi: mtu aliyekwisha kunyang'anywa kitu kikubwa hawezi kumnyima mwanawe hata kidogo. Wagane wa hapa wanayo pia ndiyo hiyo: soda kila siku, baiskeli kabla ya matanga kusahaulika. Tatizo ni kwamba hapana isiyosemwa na baba haipotei. Inamsubiri mtu mwingine. Akija mke mpya, hapana ya kwanza kusikika katika nyumba ile inatoka kinywani mwake, na kabla ya mwezi mtaa umeshamwita mama wa kambo katili. Kwenye filamu ilimwangukia Harry, mtoto, usiku ule wa fujo, naye hakuwa na nguvu ya kuibeba. Akakimbilia Uingereza kwa mama yake, na baba ikabidi amfuate huko.

Kosa lingine la filamu ni kumfanya bibi aonekane kama mvamizi. Amefiwa na binti yake. Nani amempa pole?

Jirani yangu mmoja Ujiji, mvuvi, alikataa kabisa kuwagawa wavulana wake watatu. Jioni moja nilipita kwake: wa miaka 11 anasonga ugali wa muhogo, sufuria ameibana kwa nyayo, mdogo wake anammulikia kwa tochi ya simu, na migebuka miwili imekatwa vipande visivyofanana hata kidogo. Baba alikuwa uani anafunga betri za taa. Aliniambia ana katazo moja tu lisilo na mjadala: hakuna kwenda ziwani yeye akiwa hayupo. Siku za giza bibi mzaa mama, anayekaa nyumba ya tatu, anakuja kulala na wajukuu. Mbalamwezi ikianza, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na bibi anakunja mkeka wake anarudi kwake. Siku hizo ugali anasonga baba. Wanangu, ambao hawakosi kwenda kuula, wanasema wa baba ndio wenye madonge zaidi.