Madume tasa dhidi ya nzi wa maembe: Lamu huenda ikafaa, Malindi bado

Nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003. Wanaotaka apigwe kwa madume tasa, ambao jike akipandana nao mayai yake hayaanguliwi, hutaja Unguja: huko, katika miaka ya 1994 hadi 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8, waliofugwa Tanga na kutiwa mionzi, waliachiliwa hadi mbung'o wakatoweka kisiwani.

Mfano ni wa kweli, ila nzi hawa hawalingani. Mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kila siku 10 hivi. Dorsalis hutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani. Ukiachia madume tasa 9 kwa kila dume mmoja wa porini, tena wenye nguvu sawa, jike mmoja kati ya 10 bado atapata mbegu hai. Huyo anatosha kuharibu embe za mti mzima.

Jeni husaidia kuchambua jinsia kabla ya kuwaachilia, maana jike tasa naye hutoboa tunda. Ipo aina ya dorsalis wa kufugwa ambayo pupa za kike ni nyeupe na za kiume za kahawia, mashine huzitenga kwa rangi. Hapo hakuna jeni iliyopandikizwa. Njia ya pili hupandikiza jeni inayoua majike wanapokosa dawa ya tetrasaiklini katika chakula. Haihitaji mionzi, ambayo hudhoofisha madume, lakini Kenya lazima ipite kwenye Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, na mnunuzi wa ng'ambo ana haki ya kuuliza kuhusu mabuu wenye jeni hiyo waliobaki ndani ya embe.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la mitego. Methili yujenoli, kemikali ya chambo inayowekwa kwenye mitego ya nzi hawa, huvuta madume wote, tasa kwa wazima, kwa hiyo ukiwaachia huku mitego ingali mitini umewafuga ili wafe. Walishwe kwanza methili yujenoli: hamu ya mtego hupungua, na majike huwapenda zaidi.

Visiwa vya Lamu vina bahari ya kuvikinga, mradi matunda yanayovuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, yakaguliwe na kungu, matunda ya mkungu, zinazoanguka mitaani zizolewe, kwani nzi huzaliana humo embe zikiisha. Malindi mashamba yamepakana. Ukisafisha lako, nzi wa jirani anaingia. Huko waanze pamoja kuokota embe zilizoanguka, angalau mara mbili kwa wiki, na kuzifukia sentimita 60. Nzi wakishapungua ndipo hesabu ya madume tasa inaweza kufanyika.