Dau: neno fupi, wadai wengi

Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, kwa Kiingereza hujitambulisha kuwa la nchi za dhow, jina ambalo Waingereza huviita vyombo vya tanga vya bahari yetu. Kwa Kiswahili ni Tamasha la Nchi za Jahazi. Hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Wapo wanaosema kwamba dhow ni dau letu lililochukuliwa na Waingereza likaandikwa kwa herufi za kigeni, basi kulirudisha nyumbani kwa jina la jahazi ni kulikana. Wengine wanasema dau halikuwa letu tangu mwanzo, na kudai asili yake ni kujipa sifa isiyokuwepo. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Wanaolidai neno wana hoja nzito. Dau la Unguja si kila chombo chenye tanga. Ni chombo kilichochongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, tofauti na jahazi, ambalo nyuma limekatwa bapa. Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiunguja na kuyachapisha mwaka 1870, alilieleza dau kuwa chombo cha wenyeji chenye tanga la miyaa, kinacholeta kuni mjini kutoka kusini ya kisiwa. Yaani si chombo cha tajiri wala cha mgeni aliyekuja na kaskazi. Ni cha mtu wa shamba na kuni zake. Methali nayo inalijua hivyo: dau la mnyonge haliendi joshi. Sasa hoja yao ni hii: vyombo vikubwa vilivyotoka ng'ambo vilikuja na majina yao, bagala, bedeni, ganja, sambuki. Lakini kwa nini mvuvi au mkata kuni aazime jina la chombo anachokiunda mwenyewe ufukweni kwake?

Tena Waarabu wenyewe hawana mazoea ya kuviita vyombo vyao vyote kwa jina hilo. Neno dāw limo katika Kiarabu cha karne za karibuni, lakini baharia wa Oman atakutajia aina ya chombo chake kwa jina lake khasa. Aliyeyafunga yote katika neno moja ni Mwingereza, na mazoea hayo yalienea sana katika karne ya 19, manowari zake zilipokuwa zikisaka vyombo vya watumwa katika maji yetu. Kwa afisa aliyekuwa akitazama kwa darubini, kila tanga la pembe tatu lilikuwa dhow.

Lakini upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Katika karne ya 15, mfanyabiashara Mrusi, Afanasy Nikitin, alisafiri kwenda India kupitia Hormuz, kisiwa cha mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, na katika maelezo yake chombo alichopanda na farasi anakiita tava. Henry Yule na A. C. Burnell, waliotunga kamusi ya maneno ya Kiingereza cha India mwaka 1886, walilihusisha neno hilo na dhow. Kimarathi, lugha ya pwani ya magharibi ya India, nacho kina neno la sauti hiyo hiyo kwa chombo. Kama uhusiano huo ni wa kweli, neno lilikuwa limeshazunguka bahari karne nne kabla ya Steere kulisikia Unguja. Na sisi si wageni wa kuazima mambo ya bahari: nahodha na bandari vina asili ya Kiajemi, usukani na baharia vina asili ya Kiarabu. Jahazi lenyewe limetoka huko. Kwa Kiarabu jihāz ni kifaa au zana, kwa Kiajemi na Kihindi likawa chombo cha baharini, na Mhindi wa leo ndege anaiita jahazi la hewani.

Watu hukimbilia ngeli ili kumaliza ubishi, wakisema dau, madau limekaa kama domo, madomo. Ngeli haithibitishi kitu. Debe, madebe nalo limekaa hivyo hivyo, na debe limetoka India. Lipo pia dau jingine, la fedha, ambalo vijana wanalijua zaidi kwa sababu ya magazeti ya michezo: mchezaji kapandishiwa dau. Hilo lina ndugu wa wazi katika Kiajemi na Kihindi, ambako dāv ni fungu linalowekwa mchezoni. Kufanana kwake na dau la baharini ni sadfa, na nimesikia watu wakiyaunganisha kwa hadithi za mabaharia kuchezea vyombo vyao kamari. Hadithi tamu, lakini ushahidi hakuna.

Kwa hiyo nasimama wapi? Juu ya asili, ushahidi wa bahari pana unanivuta kidogo zaidi, ingawa neno lililosikika Hormuz lingeweza kufikishwa huko na vyombo vya pwani yetu, maana biashara ilikwenda na kurudi. Juu ya maana sina wasiwasi. Dhow ya Kiingereza si dau. Mgeni anayepandishwa jahazi Nungwi kutazama machweo, akaambiwa "hili ndilo dau, ndipo Wazungu walipopata jina", amedanganywa, na fundi aliyeliunda pale pwani, anayejua kila ubao umekaa vipi, hatalikubali jina hilo. Waliochagua jahazi kwa tamasha walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wanaowalaumu, kwa kuwa vyombo vilivyovuka bahari kuu vilikuwa vikubwa, havikuwa madau ya kuni.

Hata hivyo jahazi nalo ni aina moja tu. Neno la jumla tunalo tangu zamani: chombo. Wazee husema vyombo vimeingia, vyombo vimetweka, na hakuna anayedhani wanazungumzia sufuria. Kinachoniuma ni kumsikia mtoto wa Unguja akiita mashua, ngalawa na dau kwa jina moja la boti. Tunagombania neno lilikozaliwa, na huku waliobaki wanaoweza kulitofautisha dau na mashua kwa kulitazama tu likiwa limepwelewa mchangani ni watu wazima wa Nungwi, Kizimkazi na Mkoani.