Eti Wana Miti Yao

Nimetumiwa video moja kwenye kundi la familia. Mzee wa Kimasai anachemsha magome ya mti wa olkiloriti, na msimulizi kwa sauti tamu anatuambia watu hawa hawahitaji hospitali, wana miti yao. Chini yake maoni ni mioyo mitupu, mingi imemwagwa na Watanzania wenzangu wenye kadi za bima ya afya mfukoni.

Sina ugomvi na olkiloriti. Supu ya mbuzi iliyotiwa magome yale nimeinywa, na nikipewa tena sikatai. (Wenyewe wanasema inatuliza nyama tumboni, mimi nilikunywa kwa uroho tu.) Na kabla hamjaniandikia: ndiyo, najua artemisinini iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria imetoka kwenye mmea uliotumika katika tiba za jadi za China, na mtafiti wake Mchina, Tu Youyou, akapata Nobel mwaka 2015. Ila yule mama hakuishia kwenye sufuria. Dawa ilitengwa na majani, ikapimwa, kipimo chake kikajulikana, ndipo akapewa mgonjwa.

Kinachonichefua ni sifa hizi kugeuzwa kisingizio. Mwanamke amejifungua bomani, damu haikatiki. Anahitaji sindano ya oksitosini, na oksitosini hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Friji inataka umeme. Umeme wenyewe uwe kwenye zahanati, na zahanati iwe na muuguzi ambaye hajaomba uhamisho wa kurudi mjini. Haya, niambieni mti unaingia wapi hapo. Mkunga wa jadi analijua hilo kuliko sisi sote. Ndiye aliyeshika tumbo saa nane usiku, anaona ujuzi wake umefika mwisho, na korongo limejaa maji. Hatoi hotuba ya utamaduni yule. Anauliza nani ana pikipiki yenye mafuta.

Tuliahidiwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mpango wenyewe, MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi), ulikuwa wa 2007 hadi 2017. Zimejengwa nyingi, nakubali, shingo upande. Lakini mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kiangazi, au Mhadzabe anayeishi kwa kuwinda kule ziwa Eyasi, jengo lililobaki nyuma linamsaidia nini?

Na anayedhani dawa za miti ni hulka ya watu wa porini, akumbuke 2011. Kikombe cha Babu, dawa ya mti ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Samunge, Loliondo, shilingi 500. Foleni ya magari kilomita kwa kilomita, wenye nazo wakishuka na helikopta. Wengi wao walikuwa na hospitali nyumbani, na wapo walioacha ARV kwa sababu ya kile kikombe. Mungu awasamehe waliowashangilia. Lakini wale walichagua. Mama wa bomani hajachagua chochote, na sisi umbali wake na hospitali tunauita mila.

Waganga tumewatungia sheria tangu 2002, wana baraza lao, wanasajiliwa, vizuri sana. Sasa nionyesheni mganga mmoja wa kijijini aliyepewa namba ya simu ya zahanati, na gari linalofika akiipiga.