Neno la Kiingereza Lisikatwe kwa Sikio la Kiswahili

Katika steshenari nyingi za Mwanza, hasa zile zinazowahudumia wanafunzi wa vyuo wa Malimbe na Bugando, kazi ya kuchapa haihesabiwi kuwa nzuri mpaka kingo zote mbili za ukurasa zinyooke. Neno refu la Kiingereza likizidi mstari, mchapaji hulikata pale ulimi wake unapotua, akaweka kistari na kuendelea. Kwa maoni yangu, asiye na kamusi mezani asilikate neno hilo kabisa. Ni heri mstari ubaki mfupi.

Kiswahili kimetuzoesha raha. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo sikio linatosha: sa-nga-ra, da-ga-a, m-vu-vi. Hata mtoto wa darasa la pili hupiga makofi kwa kila silabi bila kukosea. Kiingereza hakiendi hivyo. Neno “strengths” lina herufi tisa na silabi moja tu, na halina mahali pa kukatwa. “Walked” na “stopped” nayo ni ya silabi moja, ingawa wengi wetu huyatamka kana kwamba yana silabi mbili au zaidi, na ndiyo maana bado nakutana na “walk-ed” mwishoni mwa mstari katika ripoti zilizokwisha kupita mikononi mwa wasimamizi. Mwanafunzi aliyekata hivyo hakuzembea; alitumia kanuni sahihi ya lugha nyingine.

Ugumu huzidi pale ambapo mkazo ndio unaoamua. “Record” ikiwa nomino hugawanywa rec-ord, kwa kuwa irabu ya kwanza ni fupi na yenye mkazo, nayo huivuta konsonanti inayoifuata. Ikiwa kitenzi, mkazo huhamia mbele na mgawo huwa re-cord. Juu ya hayo, mataifa yenye lugha hiyo hayakubaliani. Kamusi za Marekani hufuata zaidi matamshi na kuandika knowl-edge, wakati desturi ya zamani ya Uingereza ilitazama zaidi muundo na asili ya neno, ikaandika know-ledge. Sisi tunafundishwa tahajia ya Uingereza, kisha tunachapa kwa kompyuta ambazo mara nyingi huja zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yaachiwe mashine. Mashine yenyewe ina adabu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1983, Frank Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford alikamilisha tasnifu kuhusu ukataji wa maneno kwa kompyuta, na njia yake ikatumika katika TeX, programu ya kupanga kurasa iliyobuniwa na Donald Knuth. Kwa ruwaza 4,447 za herufi, yaani mifuatano ya herufi inayoonyesha pa kukata na pa kutokata, njia hiyo iliweza kutambua takriban asilimia 89 tu ya sehemu za kukatia zilizomo katika kamusi, kwa kuwa ilikusudiwa kuacha neno zima pale isipokuwa na hakika. Iliongezewa orodha ya maneno 14 ya pekee, na humo “present” na “project” yaliwekwa yasikatwe popote, maana programu haiwezi kujua kama mwandishi amekusudia nomino au kitenzi. Mchapaji wetu naye hana sababu ya kuwa jasiri kuliko Liang.

Tena yapo maneno ambayo hata mgawo usioudhi sikio huyaharibu. Mwanafunzi wa afya anayekata “therapist” baada ya herufi tatu humwachia msomaji neno “rapist”, yaani mbakaji, likianza mstari unaofuata. Sidhani kama kuna mtaalamu wa tiba angependa kutambulishwa hivyo. “Resign” katika barua ya ajira ni hatari kwa namna nyingine: mgawo wake halali, re-sign, husomeka pia kama kutia saini upya, na kati ya kuacha kazi na kuongeza mkataba kuna mshahara.

Kosa la kukata neno la lugha moja kwa kanuni ya nyingine hutokea pia upande wa pili. Programu iliyopangwa kwa Kiingereza ikipewa tangazo la Kiswahili, haishangazi kuona “Mwan-za” au “san-gara”, kwa sababu Kiingereza huitenga n na konsonanti inayoifuata ilhali sisi huziweka pamoja. Tasnifu ya Kiingereza na ipangiwe Kiingereza cha Uingereza kabla ya ukurasa wa kwanza kuchapwa. Na pale ambapo programu haina kanuni za Kiswahili, ukataji uzimwe na ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa.