Kikao kikirekodiwa, nakala abaki nayo nani?

Ukiomba kurekodi kikao cha Zoom katika ofisi nyingi za Dodoma utaulizwa "ya nini?", na nyuma ya swali hilo kuna jingine lisilotamkwa: unataka kumpeleka nani wapi? Anayeomba huonekana ana lake jambo, na kuanzia siku hiyo watu humchagulia maneno. Wakati huohuo kazi yenyewe imehamia kwenye skrini. Wizara iliyoko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, inawaita maofisa wa Kondoa na Mpwapwa bila mtu kupanda gari. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anatetea tasnifu mbele ya mtahini wa nje ambaye hajawahi kufika Dodoma. Mnunuzi wa zabibu aliyeko Dar es Salaam anapatana bei na kikundi cha Chamwino kwa video ya WhatsApp. Makubaliano mazito yanafanyika hivyo kila siku, na mara nyingi kinachobaki baada ya simu kukatwa ni kumbukumbu ya aliye na sauti kubwa zaidi.

Naona anayeomba kurekodi waziwazi anahukumiwa kwa kosa la mwingine. Hofu iliyopo dhidi yake ina msingi, ila imemwendea mtu asiyestahili.

Nianze na msingi wa hofu hiyo. Kipande cha sekunde 20 kikikatwa kutoka kikao cha saa mbili kinaweza kumfanya mtu aonekane amesema asichokisema, na kikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hakuna wa kukirudisha. Mtumishi wa ngazi ya chini akijua kila neno lake linahifadhiwa ataacha kusema "hapa tumekosea, mkuu", atajificha kwenye lugha ya barua za ofisi. Kamera nayo haichagui: inachukua mtoto anayepita nyuma, mgonjwa aliyelala chumba cha pili, picha ya familia ukutani. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake, na ibara ya 18 inamlinda asiingiliwe anapowasiliana. Kwa hiyo anayekataa kurekodiwa asiitwe mwoga. Anasimamia haki iliyoandikwa.

Ila anayerekodi kwa siri haombi ruhusa. Anaweka simu ya pili mbele ya kompyuta, na hakuna programu ya mikutano inayoweza kuigundua. Ofisi inayopiga marufuku kurekodi haimzuii huyo hata kidogo, inamzuia aliyenyoosha mkono na kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba turekodi." Tunamnyima mwaminifu, na anayerekodi kwa siri anabaki na nakala yake.

Sheria zinazotajwa sana kwenye mabishano haya ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambazo zinakataza kunasa mawasiliano ya watu bila mamlaka. Hutajwa kana kwamba zimemaliza mjadala. Ninavyozisoma, shabaha yake kuu ni mtu anayejipenyeza katikati ya mazungumzo yasiyo yake. Mshiriki halali wa kikao anagusana zaidi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sura na sauti zinazokutambulisha ni taarifa zako binafsi. Anayezikusanya anatakiwa akujulishe kabla, akueleze lengo, asizigeuzie matumizi mengine, na azilinde. Kwa kusambaza taarifa za mtu kinyume cha sheria hiyo, mtu binafsi anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Hofu ya video kuvuja, basi, ina jibu lake ndani ya sheria, tena jibu kali. Na sheria hiyohiyo haijamkataza mtu kurekodi kikao; inamtaka aseme anachofanya na kwa nini.

Turudi Chamwino, maana huko ndiko uzito wa jambo hili unakoonekana. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na zikishaiva hazimngoji mtu. Kikundi kinapatana na mnunuzi kwa video: bei ya kilo, nani analeta kreti, nani analipa gari, nani anabeba hasara mzigo ukichelewa. Wanakikundi wamekaa watano nyuma ya simu moja, wanaitikia. Siku ya mavuno mnunuzi anasema usafiri haukuwa juu yake. Katibu wa kikundi anakumbuka vingine, mweka hazina anakumbuka vilevile kama katibu, lakini zabibu ziko kwenye kreti na jua ni kali. Hawana muda wa kubishana. Wanakata bei. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari la makubaliano haya lilikuwa ile video ambayo kila mmoja aliona aibu kuomba ihifadhiwe.

Mtu atasema: wangeandika. Kweli, na waandike. Lakini tuangalie maandishi hayo huandikwa na nani. Katika kikao cha ana kwa ana tuna utaratibu tunaoujua: katibu anaandika muhtasari, kikao kinachofuata kinausoma na kuuthibitisha, na aliyenukuliwa vibaya anasimama na kurekebisha kabla ya kuingia kwenye yatokanayo. Kikao cha mtandaoni mara nyingi ni cha mara moja. Hakuna kikao cha pili cha kuthibitisha kitu. Muhtasari unaandikwa na upande ulioitisha, unatumwa kwa barua pepe baada ya wiki, na usipojibu siku hiyohiyo umekuwa ndio ukweli. Halmashauri inapokea maelekezo ambayo haikumbuki kupewa. Mwanafunzi anasoma orodha ya masahihisho ya tasnifu yasiyofanana na aliyoyasikia. Wote hawa hawana la kushika mkononi.

Hapa ndipo naona mjadala wetu umeruka jambo kubwa. Tunabishana kama turekodi au tusirekodi, kumbe vikao vingi tayari vinarekodiwa, na upande mmoja tu ndio unaondoka na faili. Ndivyo vifaa vyenyewe vilivyotengenezwa. Kwenye Zoom mwenyeji wa kikao ndiye mwenye kitufe. Wewe mshiriki unarekodi akikuruhusu. Kwenye Google Meet kurekodi kunapatikana kwa akaunti za kulipia, na video inakwenda kuhifadhiwa kwenye Google Drive, ghala la mtandaoni, ya mwenyeji. Microsoft Teams za ofisini huiweka kwenye hifadhi ya taasisi, na mpangilio wake wa kawaida usipobadilishwa hujifuta baada ya siku 120. Maandishi yanatokea kwenye skrini kwamba kikao kinarekodiwa, unabonyeza kukubali kwa sababu njia nyingine ni kutoka, na tangu hapo sauti yako ni mali ya ghala la mtu mwingine.

Chukua mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa kikao cha video. Ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kilichosemwa siku ile, kama alipewa nafasi ya kujitetea au alisomewa tu, kimo kwenye akaunti ya mwajiri, na barua pepe yake ya kazini imeshafungwa. Anakwenda mbele ya msuluhishi na kumbukumbu ya kichwani. Mwajiri anakwenda na faili, au anaamua kutokwenda nalo.

Sheria ya 2022 imefungua mlango hapa ambao sijasikia ukitajwa vikaoni: mhusika wa taarifa ana haki ya kumwomba aliyezikusanya amwonyeshe taarifa zake. Haki hiyo ina mipaka, kwa sababu kwenye rekodi hiyohiyo zimo sauti za wengine nao wana haki zao. Lakini ipo, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 2024, ndiyo ya kulalamikiwa ukinyimwa bila sababu. Aliyerekodiwa anaweza kuandika barua ya kistaarabu: nilishiriki kikao cha tarehe fulani, sauti yangu imehifadhiwa, naomba kuipata sehemu inayonihusu. Barua kumi za namna hiyo zingebadili tabia ya ofisi kuliko semina nyingi.

Tena sisi watu wa Dodoma tunashangaza kidogo tunapoiona rekodi kama uadui. Mji huu ndio unaotengeneza Hansard, taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge. Kila neno la mbunge linaandikwa na kuchapishwa, na mbunge akibishiwa anaweza kurejea taarifa rasmi. Mahakama nayo ilijiwekea kanuni mwaka 2021 za kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao na kurekodi mwenendo kielektroniki. Mihimili miwili imekubali kwamba neno likiwa zito lihifadhiwe. Mtendaji wa kata anayepewa maelekezo kwa video anastahili hifadhi kama hiyo.

Kuhusu vifaa nitasema yale yanayogusa hali zetu. Wengi wetu tunaingia vikaoni kwa simu, na hapo ndipo mnyonge anapozidi kunyongeka: Zoom ya bure hairekodi kwenye simu, inarekodi kwenye kompyuta. Ukitumia kinasa skrini cha simu wakati wa video ya WhatsApp, picha utaipata, lakini sauti ya upande wa pili mara nyingi haitakuwamo, kwa sababu tangu Android 10 mfumo huzuia programu nyingine kuchukua sauti ya maongezi. WhatsApp pia haimjulishi mwenzako kwamba unanasa skrini, kwa hiyo wajibu wa kusema ni wako kabisa. Usikimbilie programu zinazojitangaza kurekodi maongezi yote ya simu. Nyingi zilitegemea ruhusa zilizowekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, na Google ilizifungia njia hiyo kwenye duka lake Mei 2022. Anayekutaka uipakue kutoka pembeni anakutaka umfungulie simu yako yote.

Mwenye kompyuta, na aliyekwisha kuruhusiwa, ana OBS Studio, programu ya bure inayonasa skrini na sauti za pande zote. Ipange ihifadhi kwa aina ya faili iitwayo MKV badala ya MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati ya kikao, na unakatika, faili la MP4 ya kawaida linaweza kukataa kabisa kufunguka, ilhali la MKV litabaki na kila kilichonaswa hadi sekunde hiyo. Kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja ya video inakula takriban GB 1.1, kwa hiyo angalia nafasi kabla ya kuanza.

Faili hilo ukilihitaji kama ushahidi, usilikate wala kulipamba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kuupima huangaliwa namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, kama umebaki kamili, na unatambulishwaje kwamba ni wa fulani. Video iliyopita makundi matatu ya WhatsApp imebanwa na kupoteza asili yake. Faili la awali likae lilikozaliwa. Ukitaka kumpa mtu, litume kama hati na si kama video.

Mashirika yetu yenye wafadhili nje yana sababu ya ziada ya kuomba ruhusa mapema. Ujerumani, kurekodi kwa siri maneno ya mtu yasiyosemwa hadharani ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitatu. California inadai ridhaa ya kila aliyemo kwenye mazungumzo ya siri, wakati sheria ya shirikisho ya Marekani inatosheka na ridhaa ya mmoja. Ukiwa Area C hapa Dodoma unaongea na watu wa Berlin na Los Angeles kwa mara moja, fuata iliyo kali kuliko zote.

Ningependa mialiko ya vikao vya mtandaoni, kuanzia ya wizara hadi ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), iwe na mistari mitatu: kikao kitarekodiwa kwa lengo gani, nakala watapewa akina nani, na itafutwa lini. Mwenyekiti aisome mwanzoni, kila mmoja ataje jina lake na kusema anakubali, na asiyekubali apewe nafasi ya kutoa maoni yake baada ya kurekodi kusimamishwa. Kwa wanaoingia kwa simu kutoka Bahi au Manyoni, video nzima haina lazima. Zoom ikirekodi kwenye kompyuta huweza kutengeneza pia faili la sauti peke yake, la M4A, jepesi kuliko video. Katibu alitume kwa washiriki wote siku hiyohiyo, kabla hajaanza kuandika muhtasari.