Habari Elfu Moja Kabla ya Chai

Mimi ni mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, na ugomvi wangu wa wiki hii si na jirani wala na watu wa maji, bali na kijialama cha rangi ya chungwa chenye nukta moja na mistari miwili iliyopinda. Kijialama hicho huonyesha kwamba tovuti ina mlisho, yaani faili ambalo huongezewa kila jipya linaloandikwa, ili programu yako ya kusomea ilipitie kila baada ya muda na kukuletea. Teknolojia yenyewe, RSS, ilizaliwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1999, na wanaoisifu husema kwamba hakuna anayekuchagulia la kusoma: unaletewa ulichokiomba, kwa mpangilio wa saa, basi.

Hilo la kuletewa nilichokiomba ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nimechoshwa na mitandao ya kijamii, ambako nafuata kurasa za wavuvi lakini naishia kuonyeshwa mtu nisiyemjua akikata keki. Zamani nilitumia Google Reader, nayo ikafungwa tarehe 1 Julai 2013, nikasusa kama mtu aliyefiwa. Mwezi uliopita nikapata programu nyingine, nikakesha nikiiongezea anwani, na hadi adhana ya alfajiri nilikuwa nimekusanya tovuti 43.

Asubuhi niliifungua nikiwa na kitumbua mkononi, mbaazi zingali motoni, nikakuta pameandikwa 1000+. Ile alama ya kujumlisha ndiyo iliyonikera zaidi, kwa maana hata mashine ilikuwa imechoka kuhesabu. Tovuti moja ya habari peke yake ilikuwa imeleta mia mbili, nyingi zikiwa za mechi ileile: inakaribia kuanza, imeanza, wamekwenda mapumziko. Nyingine ilikuwa imehamishwa, basi ikanimwagia upya makala zake tangu 2011, pamoja na salamu za Idi za mwaka huo, ambazo nilizipokea kwa moyo mkunjufu. Kisha wapo wachoyo, wanaotoa mistari miwili na maneno "soma zaidi", ili uwafuate kwao ukatazame matangazo kwa bando lako mwenyewe. Ni sawa na kumwalika mtu pilau, halafu ukampitishia harufu dirishani. Aliyeliita jambo hili mlisho alijua anachokisema, kwani ng'ombe wa ndani naye haulizwi kama ameshiba.

Zinazoniuma ni zile zilizokufa, maana mlisho hautangazi msiba. Ninazo blogu za Kiswahili zilizonyamaza tangu 2018, zilipotoka kanuni za kuwataka wenye blogu wakate leseni na kulipa ada, na mpaka leo zimo katika orodha yangu, kimya, kama mgeni aliyepitiwa na usingizi barazani. Kuzifuta siwezi.

Mke wangu, alipoona chai imepoa, aliniuliza kama magazeti yote yanayotandazwa pale stendi huwa nayasoma. Sikuwa na jibu. Nikabonyeza kitufe cha kuweka alama kwamba zote zimesomwa, na habari elfu moja na ushei zikatoweka kabla sijameza kitumbua.

Jioni nilikwenda kunywa kahawa, nikamkuta mzee wetu mmoja, baharia mstaafu, ambaye huandika kuhusu samaki labda mara moja kila miezi miwili, na ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya niurudie mlisho, nisije nikapitwa na maandishi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona niliyoandika jana?"

"Nimeyasoma yote, mzee wangu, mashaallah."

"Na ile picha ya nguru umeionaje?"

"Imetoka vizuri mno."

Akatafuna kashata yake taratibu, akasukumia na funda la kahawa.

"Sikutia picha," akasema.