Kabla ya kununua ndege, nunueni uwezo wa kuifungua

Mimi ni fundi umeme, kazi yangu ni majenereta makubwa, na kilichonifanya niandike leo ni jenereta moja iliyosimama siku kumi na moja wakati haina ubovu wowote. Injini nzima, dizeli ipo, betri zimejaa, nyaya nimezipima moja moja. Ila paneli ilijifunga, skrini inadai paswedi, na paswedi anayo injinia wa kampuni iliyouza, yuko nchi nyingine na wikiendi hapokei simu. Nilikaa pale na mita mkononi naangalia kitaa chekundu kinawaka kinazima, wenye mali wananiuliza fundi vipi, na sina la kuwaambia maana ufundi wangu wote umeishia kwenye kile kioo.

Tangu siku ile kila nikisikia serikali fulani imetangaza hela za ulinzi, mara ndege, mara droni, mara rada mpya, mimi sianzi na bei wala spidi. Nauliza ndani ya nchi hiyo nani anaweza kuifungua. Maana jenereta ikizima watu wanakaa giza, ila hivi vitu vingine vikizima wanakufa watu.

Na msidhani haya ni matatizo ya nchi maskini. Uingereza wenyewe, mwaka 1995, waliagiza helikopta nane za Chinook aina ya Mk3 kwa ajili ya vikosi vyao maalumu, kama pauni milioni 259 hivi. Zikafika 2001, mpya kabisa. Shida ikawa kwenye softiwea. Mkataba haukuwapa haki ya kuuona msimbo wenyewe, yani ile mistari iliyoandikwa na mainjinia inayoendesha mitambo ya kwenye chumba cha rubani, na bila kuuona wataalamu wao hawawezi kuthibitisha kwamba ndege ni salama kwa viwango vyao. Basi zikaruhusiwa kuruka juu ya futi 500 tu, hali ya hewa ikiwa safi, rubani anatazama chini kwa macho yake ajue yuko wapi. Fikiria helikopta ya makomando, iliyonunuliwa iende usiku na iende chini chini, haitakiwi hata kuingia kwenye wingu! Zikakaa kwenye hanga miaka, na 2006 wanajeshi wao wakaingia Helmand kule Afghanistan ambako barabara zimetegwa mabomu na helikopta hazitoshi, wakati hizo nane zipo nyumbani zimelala. Mwaka 2007 ndio ikaamuliwa ile mifumo mipya ing'olewe, ziwekewe ya zamani ambayo watu wao wanaijua.

Hapo hakuna aliyekosa hela. Walikosa mtu mmoja mezani siku ya kusaini, mtu anayejua softiwea ya ndege, wa kusema subirini kidogo, hiki kipengele hakipo. Na haya tunayajua kwa sababu wakaguzi wao wa hesabu za serikali waliandika ripoti na wakaiweka hadharani. Nchi nyingi ukiuliza vifaa vya jeshi unaambiwa ni siri ya taifa, na mimi naelewa siri ya wapi kombora limewekwa, ila siri ya kwamba tumenunua kitu hakiruki hiyo inamlinda nani?

Sasa angalia Uturuki, kisa ambacho mimi nakirudia sana nikiongea na vijana wa ufundi. Julai 1974 wakiwa kwenye vita ya Kupro, ndege zao wenyewe zilishambulia meli zao wenyewe wakidhani ni za Ugiriki, na manowari yao Kocatepe ikazama. Mawasiliano kati ya anga na bahari yalikuwa mabovu kiasi hicho. Haijaisha hiyo, Februari 1975 Marekani ikawawekea vikwazo vya silaha, na jeshi lao karibu lote lilitegemea vifaa vya Marekani. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni ya Aselsan, na walianza na nini? Redio za mawasiliano za jeshi. Hawakukimbilia kombora wala ndege, walianza na kidonda chao.

Ile droni ya Bayraktar TB2 iliyowapa jina duniani iliruka mara ya kwanza 2014, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hapo katikati. Alafu hata hiyo ilikuwa na jicho la kigeni, kamera yake ya kutafutia shabaha ilitoka Kanada, na Oktoba 2020 wakati wa vita ya Azabajani na Armenia kule Nagorno-Karabakh, ambako droni hizo zilitumika, Kanada wakasimamisha kuuza. Kwa nchi nyingine hadithi ingeishia hapo. Wao Aselsan walikuwa wameshaanza kutengeneza kamera yao, wakaifunga hiyo.

Wengi wakisikia utafiti wa ulinzi wanaona maabara na watu wa makoti meupe, ila kwangu hata chumba chenye meza ni utafiti. Uingereza Februari 1935, karibu na mji wa Daventry, Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya mtambo wa redio wa BBC uliokuwepo tayari, ndege ikapita, wakaona mwangwi wake kwenye skrini. Miaka mitano baadae, ndege za Wajerumani zilipowashambulia, rada ndio ilisaidia kuokoa nchi. Lakini Wajerumani nao walikuwa na rada, na nyingine kwa ubora wa mtambo ziliwazidi Waingereza. Kilichowabeba Waingereza ni kwamba taarifa za rada zilipigwa simu mpaka kwenye chumba ambacho wasichana wa jeshi la anga wanasukuma vipande kwa fimbo juu ya ramani kubwa mezani, ofisa anatazama kutoka juu, anaamua kikosi kipi kiruke, dakika chache tu. Simu, ramani, fimbo na mazoezi. Hiyo ndio mipango ya vifaa ninayoitaka mimi, mtambo unanunuliwa pamoja na njia nzima ya kuutumia mpaka kwa mtu wa mwisho.

Najua wapo watakaosema nchi ndogo haina hela ya utafiti, bora inunue kilicho tayari. Kununua sawa, hakuna anayetengeneza kila kitu, hata hao wakubwa wananunuliana. Ila ukinunua bila kujua unalipa mara mbili, unalipa bei ya kitu alafu unalipa spea, mafunzo, matengenezo kwa miaka thelathini kwa bei anayoamua mwenye paswedi, na kwa ndege za kivita hiyo sehemu ya pili huwa inazidi bei ya kununulia. Na siku mkikosana na muuzaji anafunga tu mkono, hana haja ya kuwapiga risasi.

Kwahiyo mimi ningekuwa kwenye kamati ya kununua vifaa vya jeshi, fungu la kwanza ningelitoa kabla tenda haijatangazwa. Ningechukua mafundi na mainjinia vijana, wanajeshi kwa raia, nikawapeleka kwenye kiwanda cha muuzaji wakae pale wakati vitu vinaundwa, washike spana, waulize maswali ya kuudhi. Mkataba useme michoro inakuja, msimbo tunauona, vifaa vya kupimia vinabaki kwetu. Na siku ya kupokea, kabla ya bendi na picha za viongozi, mmoja wa wale vijana apewe saa nzima afungue paneli mbele ya watu, aifunge tena, aiwashe mwenyewe, na muuzaji asimame pembeni asiguse kitu.